Bahari ya Lita Mia Nne

Jumatatu, 9 Septemba

Leo bahari imefika Gisenyi, na aliyeileta ni mimi, Mugabo. Ziwa tunalo tangu Mungu aumbe milima, lakini ziwa ni maji ya kunawa tu, hayana ladha. Bahari ni kitu kingine. Umwali, binti wa marehemu kaka yangu Munyakazi, amenunua sanduku la kioo la lita mia nne, tumeliweka ndani ya mkahawa wake, kwenye ukuta unaotazama ziwa. Wanaume wanne walishindwa kulinyanyua. Nikawaambia wasogee. Iribagiza, mpishi wetu, anasema nilishika kona moja na kupiga kelele. Iribagiza hajui kutazama nguvu.

Tumekoroga chumvi ya bahari ya mfuko, ndoo kwa ndoo, tukapanga mawe. Kazi yangu ni kupima maji kila asubuhi kwa chupa za matone na kuandika namba kwenye karatasi aliyobandika ukutani. "Baba mdogo, wewe ndiye uliyekaa Tanga," Umwali alisema. "Wewe unaijua bahari." Nikamjibu kwamba bahari nayo inanijua.

Karatasi ya ukutani ni ya namba. Daftari hili ni langu, la maneno, maana namba hazina mdomo. Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule Karagwe, tulikozaliwa uhamishoni. Niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la zamani ni chuo kikuu cha leo.

Jambo moja niliweke wazi. Umwali anaolewa mwezi wa kumi na moja. Baba hana, mama hana. Siku ya posa na siku ya harusi, wa kusimama mahali pa Munyakazi ni mimi. Ameniomba mwenyewe, kwa mikono miwili. Mjomba wake Gatete, yule aliyerudi kutoka Uganda na tumbo na magari, anaitamani nafasi hiyo kama paka anavyotamani sambaza, dagaa wa ziwa letu. Atatamani sana.

Alhamisi, 12 Septemba

Umwali ametumbukiza kamba wawili wabichi majini, waoze.

"Samaki wataingia lini?" nikauliza.

"Wiki sita, baba mdogo. Labda zaidi."

Amenieleza hivi. Kitu kikioza ndani ya maji kinatoa sumu, amonia. Wanakuja wadudu wadogo wasioonekana, wanaila, wanatoa sumu ya pili, nitriti. Wanakuja wengine, wanaila hiyo. Kundi la kwanza na la pili wakizaliana vya kutosha, unatia chakula leo, kesho unapima, sumu zote mbili ni sifuri. Hapo ndipo samaki anaingia. Kabla ya hapo unamtia kaburini.

"Wanakaa kwenye mawe," alisema. "Mawe usiyaguse."

Nikamwambia nayajua hayo yote. Kule Tanga tulikuwa tunawaita wafanyakazi.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua. Amonia robo.

Jumatano, 18 Septemba

Amonia mbili. Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na harufu imefika mpaka barabarani. Mukabera, anayeuza sambaza pale chini kwa wavuvi, aliingia na beseni kichwani.

"Muzee Mugabo, samaki iko wapi?"

"Inakuja."

"Inatoka wapi, Yerusalemu? Mi naona mawe na maji. Na inanuka! Iko nini ndani?"

"Kamba. Tumeweka ioze."

Akashusha beseni ili acheke vizuri. "Yewe! Sambaza yangu ikioza watu wananitukana mama. Yako ikioza, unaita siyansi!"

Wateja wawili kutoka Kigali wakacheka naye. Niliwaambia habari ya pweza niliyepambana naye Tanga, wakanyamaza, lakini mmoja alikuwa bado anatabasamu kuelekea kwenye kioo.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua kubwa, umeme ukakatika saa nane mchana. Pampu kimya, hita kimya. Umwali alikuwa Rugerero kwa wakwe zake. Maji yasipozunguka wadudu wanakosa pumzi, hilo nililishika. Nikachukua upawa wa jikoni, nikakoroga bahari kwa mkono. Saa nne nzima. Iribagiza alinifunika blanketi mabegani, akafunika na kioo kwa mablanketi ya wageni ili joto lisitoke. Mkono ulikufa, nikabadilisha, na wa pili ukafa.

Umwali alirudi amelowa, akanikuta bado nakoroga. Alinitolea upawa mkononi, akanisugua vidole kimoja kimoja, kama marehemu mama yetu alivyokuwa akifanya. "Baba mdogo," akasema. Basi.

Saa nne hizo sijaziongeza. Muulizeni Iribagiza.

Ijumaa, 27 Septemba

Amonia inashuka, nitriti imetokea: matone yamegeuka zambarau. Kundi la pili limeitwa kazini. Nimewatangazia wateja wote.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua. Nitriti tano. Mteja ameuliza kama ni sanduku la kufugia barafu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Uchafu. Mawe yote yameota utelezi wa kahawia, kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa. Umwali anafurahi! Anasema ni dalili nzuri, utaondoka wenyewe. Lakini Jumamosi ijayo ni posa, watu sabini wanakuja hapa, na watu wetu mnawajua: kabla hawajakusalimu wameshatazama pembe za nyumba kama zimefagiliwa. Gatete alipita leo. Akapitisha kidole kwenye kioo, akakitazama kidole, akakifuta kwa leso.

"Bwana Mugabo," akasema, "nyumba ya binti yetu ina ukurutu?"

Alhamisi, 10 Oktoba

Amonia sifuri. Nitriti nusu. Umwali anasema wiki moja tu, pengine siku kumi. Aliibusu ile karatasi ukutani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeyaosha mawe.

Umwali alikuwa amekwenda kusukwa. Nilikaa mbele ya kioo nikiona akilini viatu vya wageni wa kesho vinapita, macho yanashuka kwenye ule ukahawia, midomo inakunjwa. Nikasema hapana, si katika nyumba ya Munyakazi. Niliyatoa moja moja, nikayasugua kwa brashi kwenye karai la maji ya bomba na javeli, dawa ya kutoa madoa, nikayasuuza, nikayarudisha. Nikasugua kioo. Nikamwaga zaidi ya nusu ya maji ya zamani, nikakoroga chumvi mpya. Saa tisa mawe yaling'aa kama meno ya bibi harusi.

Umwali aliporudi alisimama. "Ukahawia umeondoka?"

"Ulisema utaondoka wenyewe," nikamwambia.

Akacheka, akapiga makofi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nimesimama mahali pa kaka yangu. Niandike vizuri, maana siku kama hii haiji mara mbili.

Wageni walikuja kutoka Rugerero na mwamvuli kila mmoja, wakakaa chini ya hema upande wa kulia, sisi upande wa kushoto. Msemaji wao ni Ndayisenga, mwalimu mstaafu, mdomo kama wembe. Desturi ni hiyo: wao wanaomba binti, sisi tunawazungusha kwa maneno mpaka watoke jasho, na anayekosa jibu ameivua familia yake nguo. Alinishambulia kwa ukoo, nikamjibu. Kwa bia, nikamjibu. Halafu akageukia mlango.

"Wenyeji wetu, tuliingia humo ndani kunawa mikono. Tumekuta nyumba ya vioo. Taa inawaka, maji yanazunguka, mawe yameoga, na ndani hakuna mtu! Tumeulizana: hawa wanafuga nini, chumvi?"

Upande wao walicheka mpaka kamba za hema zikatikisika. Hata upande wetu. Niliona mabega ya Gatete yanaruka.

"Mgeni wangu," nikasema, "samaki wetu wana adabu. Walisikia kuna watu wanatoka Rugerero, wakasema hatutoki kabla hatujaona ng'ombe."

"Ng'ombe wapo. Samaki wako wapi?"

"Mwalimu, mimi nimezamia Tanga. Kule nilikutana na pweza. Yeye mikono minane, mimi miwili. Nikamfunga mafundo manne, akabaki na minne. Akaona hesabu inampeleka pabaya, akaomba suluhu. Mtu aliyepatana na pweza atashindwa na visamaki?"

Pande zote mbili waliinuka! Wazee walirusha kofia. Ningenyamaza hapo ningekuwa mfalme. Lakini Ndayisenga hakukaa. Alisubiri kelele zishuke, akasema polepole: "Hadithi tumeshiba. Sisi tumeuliza samaki."

"Tarehe thelathini Novemba," nikasema, "siku ya harusi, utaingia humo, utainama mbele ya kioo, na samaki watakupa pole ya safari. Wasipokuwepo, kiti hiki nilichokalia akikalie mwingine."

Aliyeanza kupiga makofi ni Gatete.

Jumatatu, 14 Oktoba

Amonia sifuri, nitriti sifuri. Umwali aliruka. "Kesho tia chakula kidogo, kesho kutwa upime. Kikiliwa chote, naagiza samaki."

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilitia chakula juzi. Jana matone yalikuwa kijani, ndiyo amonia. Leo kijani zaidi. Sifuri ya Jumatatu ilikuwa sifuri ya nyumba isiyo na watu. Wafanyakazi niliwaua kwa brashi.

Nilisimama na kalamu mbele ya karatasi ya ukutani. Ningemwambia, angeanza upya: wiki sita nyingine, harusi ingepita na kioo kitupu, na Gatete kwenye kiti. Umwali alipita na trei ya vikombe, akauliza akiwa anatembea, "Ngapi, baba mdogo?"

"Sifuri," nikasema. Nikaandika sifuri.

Mvua haikunyesha leo hata tone.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sifuri.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sifuri. Siku hizi sifungui chupa za matone. Naandika tu, halafu nasuuza kichupa ili kionekane kimelowa. Nabadilisha ndoo mbili tatu za maji watu wakiwa kanisani. Maji ni safi kabisa kwa macho. Macho ya Tanga yanatosha.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua kutwa. Umwali ameagiza: watano, kutoka Mombasa kwa ndege, halafu kwa gari mpaka hapa. Mukabera aliniuliza kama wanajua Kiswahili.

Jumatano, 6 Novemba

Wamefika. Mifuko mitano ya maji ndani ya boksi. Wawili rangi ya chungwa na mistari myeupe, wawili wa manjano, mmoja buluu kiasi kwamba ukimtazama unasahau ulikuwa unasema nini. Umwali aliiacha mifuko ielee juu ya maji, akaongeza maji kikombe kwa kikombe, akawaachia. Walisimama. Halafu yule buluu akazunguka jiwe lile kubwa, na mkahawa mzima, wapishi, wateja, hata Mukabera na beseni lake, wote wakasema "Aaah!" kwa pamoja.

"Mana we," Mukabera akasema. "Muzee, basi hukudanganya."

Umwali alinishika mkono mbele ya wote. Alikuwa analia. Nami nililia, na watu wakadhani ni kwa sababu moja.

Ijumaa, 8 Novemba

Wale wa manjano wako juu kabisa ya maji, midomo inafunguka na kufungika. Nimemwambia Umwali wanazoea mwinuko wa milima yetu.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi wa manjano mmoja amelala ubavu kwenye mchanga. Mashavu yake ndani yalikuwa mekundu kama yamechomwa. Adhuhuri wa pili. Nilibadilisha maji ndoo kumi na nane pamoja na Iribagiza, hakuniuliza kwa nini nina haraka hivyo. Jioni mmoja wa chungwa. Mwenzake alikuwa anamsukuma kwa pua.

Jumapili, 10 Novemba

Aliyebaki wa chungwa amekufa. Yule buluu aliingia nyuma ya mawe, hatukumwona tena, wala mkono haukumfikia.

Umwali hakwenda kanisani. Alichukua chupa za matone mwenyewe. Alihesabu matone midomo ikitikisika, akasubiri dakika tano, akashika kichupa mbele ya kadi ya rangi. Kijani cha jani la mgomba. Akaitazama karatasi ya ukutani, sifuri zangu zote, mstari kwa mstari. Mkahawa ulikuwa hauna mtu ila sisi na Iribagiza mlangoni.

"Ulikuwa unapima, baba mdogo?"

"Mwanzoni."

"Ikaonyesha nini?"

"Kijani."

"Tarehe ngapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Akakitazama kidole changu, sio karatasi.

"Na mawe? Mawe uliyafanya nini?"

"Wageni walikuwa wanakuja, mwanangu. Uchafu ule. Nikayasugua kidogo tu, na javeli. Unajua kule Tanga sisi mawe tulikuwa..."

"Baba mdogo. Tanga iache."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kushika.

"Baba aliniambia nikiwa mtoto kwamba hukufika Tanga," akasema. "Alisema hukuvuka Tabora. Nikamuuliza nikukataze? Akasema, mwache, anasema vizuri. Nikakuacha. Niliipenda bahari kwa sababu yako, nikijua kwamba hukuiona, na sikujali. Pweza wako nitawahadithia wanangu. Lakini hii," na akagusa karatasi, "hii haikuwa hadithi. Hii niliiamini."

Akaibandua, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa aproni. Akaenda kuwatoa samaki kwa kichujio cha chai.

Jumanne, 12 Novemba

Basi na niandike. Nilikuwa utingo wa lori la Jack, mtu wa Tanga kweli, dereva. Miaka miwili, Karagwe mpaka Tabora, tumbaku kwenda, sabuni kurudi. Jack alikuwa anaisimulia bahari ili asilale kwenye usukani, nami nilikuwa namuuliza maswali ili tusife. Pweza ni wake. Hata mafundo ni yake, ila yeye alisema matatu. Niliporudi Rwanda kila mtu alikuja na kitu: huyu cheti, huyu gari, huyu nyota mabegani. Mimi nilikuja na bahari ya Jack.

Na wao walijua. Miaka yote nimekaa kwenye meza yao nikizamia, na Munyakazi anamwonyesha mwanawe kwa jicho: mwache. Kwa hiyo siku ile Umwali aliposema "wewe ndiye uliyekaa Tanga" alikuwa ananipa kazi kama unavyompa mtoto usukani wa gari lililozimwa. Ningemchukia kwa hilo kama kazi yenyewe isingekuwa ya kweli. Matone yalikuwa ya kweli. Alinipa kitu kimoja cha kweli.

Alhamisi, 14 Novemba

Hakuna aliyenikataza chupa, basi nimepima. Amonia nne. Yule buluu anaoza nyuma ya mawe. Hakuna karatasi ya kuandika, nimeandika hapa.

Jumamosi, 16 Novemba

Umwali alikuja chumbani kwangu na chai, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Siku ya harusi mjomba Gatete ndiye atakayenikabidhi."

"Kwa sababu nilisema mbele ya watu wasipokuwepo samaki..."

"Hapana. Yale yalikuwa maneno ya posa, kila mtu anajua. Samaki wanakufa, baba mdogo, hata kwa wanaojua." Aligeuza kikombe mkononi. "Siku ile atasimama mtu aseme maneno ambayo baba angesema. Nataka nikiyasikia niyaamini."

Nilimwambia sawa. Nilimwambia chai ni nzuri. Alipotoka niligundua sukari hakutia.

Jumanne, 19 Novemba

Amonia moja. Nitriti mbili. Mvua.

Jumapili, 24 Novemba

Amonia sifuri, nitriti moja. Ukahawia umerudi kwenye mawe. Sijaugusa. Gatete amekuja kupima hema, akauona, akaninyooshea ile leso yake. Nimemwambia, "Usiguse hapo." Amecheka peke yake.

Alhamisi, 28 Novemba

Sifuri na sifuri. Nimetia chakula.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimepima saa kumi na mbili asubuhi, wanawake wakimenya ndizi uani. Amonia sifuri. Nitriti sifuri. Nikapima tena kwa kichupa kingine, na mara ya tatu. Chakula chote kimeliwa. Maji yamekuwa tayari. Mzoga wa yule buluu ndio uliowalisha wafanyakazi.

Ndayisenga aliingia kabla ya sherehe. Alitazama kioo kitupu, akanitazama mimi na suti yangu, akanigusa bega, akatoka. Heri angenicheka.

Nilipewa kiti mstari wa tatu. Gatete alishika kipaza sauti kama chupa, akasema Munyakazi alikuwa mtu wa ukweli. Umwali aliinamisha kichwa, Cedric, bwana harusi, akampa leso. Nikatoka.

Jikoni nilimkuta Iribagiza. "Maji yako tayari," nikamwambia. "Sifuri mbili, na chakula nilitia juzi. Mwambie Umwali akirudi kutoka fungate anaweza kuagiza."

Akafuta mikono. "Muzee usikasirike," akasema. "Alisema kama mutu akileta namba, mi nipime tena."

"Pima."

Alitoa chupa kabatini, tukaenda kwenye kioo. Alihesabu matone kwa sauti, moja, mbili, tatu, akipotea anaanza upya. Huko nje watu walikuwa wanapiga makofi. Tulisubiri dakika tano tumesimama, mimi upande huu wa kioo, yeye ule. Manjano, amonia hakuna. Halafu ya pili, buluu ya anga, nitriti hakuna.

Akabandika karatasi mpya ukutani, akaandika tarehe, akaandika sifuri, sifuri. Pembeni akaandika jina lake mwenyewe.